Dipoli ya mita 40 imegoma: shuku kebo kabla hujakata waya

Mtu akikwambia antena yake haitoi, muulize amepima nini na amepimia wapi. Mara nyingi utasikia kwamba aliona sindano ya mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena; 1 ndiyo bora) imepanda, akashika koleo, akaanza kupunguza waya. Siku mbili baadaye waya umekuwa mfupi na sindano iko palepale.

Waya ndio wa mwisho kushukiwa. Kati ya redio na waya kuna konekta mbili, mita 20 au 30 za kebo, na kiungo cha katikati kinachopigwa jua na mvua mwaka mzima. Matatizo mengi yanakaa humo. Tena kebo unaikagua ukiwa umesimama chini, bila kupanda mwembe wa mtu.

Ninachozungumzia hapa ni antena ya redio ya ridhaa: dipoli ya kawaida ya nusu wimbi, yaani waya wenye pande mbili zilizo sawa, kwa bendi ya mita 40, iliyotengenezwa kwa waya wa umeme wa nyumbani na kulishwa kwa kebo ya koaksia (waya wa kati uliozungukwa na wavu). Ndiyo antena ya kwanza ya watu wengi, vifaa vyake viko karibu kila duka la umeme, na ukizijua hila zake hutababaishwa na antena nyingine. Afrika yote iko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), kwa hiyo bendi yetu inaanzia 7.000 MHz na kuishia 7.200 MHz. Leseni nachukulia unayo: Tanzania ni TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na ishara za wito huanza na 5H, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano na ishara zao huanza na 5Z.

Kabla hujashika kamba, tazama nyaya za umeme ziko wapi. Antena na nguzo yake, vikianguka upande wowote, visiweze kuzifikia. Na ncha za dipoli zisiwe mahali mtoto anaweza kuzishika: katikati ya antena mkondo ndio mkubwa, kwenye ncha volti ndizo kubwa, na kwa wati 100 volti hizo zinaunguza ngozi hata kama waya una ganda.

Vipimo vya kuanzia

Unahitaji multimita, mita ya SWR au kipima antena kidogo kama NanoVNA, na mzigo bandia wa ohm 50, yaani rezista inayokaa mahali pa antena. Mzigo bandia huna haja ya kuununua. Chukua rezista 20 za kaboni za ohm 1,000, uziunganishe zote sambamba, utapata ohm 50. Zikiwa za wati 2 kila moja, jumla zinabeba wati 40, zinatosha kabisa kwa vipimo vya sekunde chache. Usitumie rezista za waya uliozungushwa. Hizo zenyewe ni koili, na kwa 7 MHz zitakudanganya.

Anza kwenye redio. Funga mzigo bandia moja kwa moja mgongoni mwa redio kwa kipande kifupi cha kebo. SWR iwe 1 au karibu nayo. Kama si hivyo, acha antena ipumzike. Tatizo ni redio, mita, au hicho kipande kifupi. Vipande vifupi vya kebo vilivyokwisha tengenezwa kiwandani vina sifa nzuri visiyostahili.

Halafu upeleke mzigo bandia upande wa pili wa kebo kubwa, pale inapoungana na dipoli. SWR ikibaki karibu na 1, kebo haijakatika wala haijagusana ndani. Wengi huishia hapa wakasema kebo ni nzima. Hapana, bado.

Ondoa mzigo bandia, acha mwisho wa kebo wazi, upime kwa kipima antena kutoka upande wa redio. Usirushe kwa redio yenyewe, utaiumiza. Mwisho ukiwa wazi, wimbi lote linarudi, kwa hiyo SWR inatakiwa iwe kubwa mno. Likirudi limepungua, limeliwa njiani, tena mara mbili, kwenda na kurudi. Kebo inayopoteza 1 dB (desibeli, kipimo cha upotevu) itaonyesha SWR ya karibu 9. Kebo inayopoteza 3 dB, maana yake nusu ya nguvu yako inageuka joto kabla haijafika kwenye waya, itaonyesha 3 tu. RG-58 (koaksia nyembamba ya kawaida) mpya ya mita 20 kwa 7 MHz ikupe 10 hivi. Ukiona 4 au 3, umeshampata mwizi na hujagusa antena.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa zaidi na ndicho chenye faida zaidi. Kinachukua dakika tano. Andika namba hizo siku kebo ikiwa mpya, ubandike karatasi nyuma ya redio. Mwakani utajua imezeeka kiasi gani.

SWR iko juu bendi nzima, haishuki popote

Pitisha kipima kutoka 5 MHz hadi 9 MHz. Kama mstari uko juu mwanzo mwisho bila bonde lolote (mahali SWR inaposhuka), kuna mahali pamekatika au pamegusana. Kama kuna bonde ila liko mahali pasipotakiwa, ruka hadi sehemu inayofuata.

Toa kebo kwenye redio, weka multimita kati ya pini ya kati na ganda la konekta. Dipoli ya kawaida isionyeshe mgusano wowote. Lakini kama katikati umeweka transfoma ya 4:1, multimita itaonyesha karibu sifuri na hakuna kilichoharibika, ndivyo ilivyozungushwa. Fungua kiungo cha juu upime kebo peke yake ili usichanganyikiwe. Kisha gusanisha waya wa kati na wavu upande wa mbali: sasa isome chini ya ohm 1 au kidogo juu yake. Ikisoma ohm 5 au 10, au namba inacheza ukitikisa kebo, tafuta kwenye konekta.

Konekta ya PL-259, ile ya kawaida ya kebo za redio, ina namna mbili za kufa. Ya kwanza ni joto: fundi anashikilia chuma cha solda muda mrefu kwenye ganda, plastiki ya ndani inayeyuka, waya wa kati unahama taratibu hadi unagusa wavu. Hii inaweza kupita vipimo vyote ikiwa baridi, ikaleta shida baada ya kurusha dakika kadhaa. Ya pili ni kinyume chake: chuma kidogo cha wati 25 hakipashi ganda vya kutosha, solda inakaa juu juu kama tone lisiloshika, wavu haujaungana. Ukiikata konekta ya namna hiyo utakuta wavu unatoka mzima, safi, haujawahi kuguswa na solda. Tumia chuma kikubwa, kwa muda mfupi, baada ya kukwangua ganda kwa tupa hadi shaba au nikeli ionekane.

Wanaotumia kebo ya dishi wana shida yao. Kebo hiyo ni ya ohm 75, jambo ambalo halina neno: dipoli iliyo juu vya kutosha yenyewe ina ohm 73 hivi, na SWR ya 1.5 unayoiona upande wa redio inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Tatizo ni wavu wake, ambao kwa kebo nyingi za dishi ni alumini, na alumini haishiki solda ya kawaida hata uiombe vipi. Tumia konekta za F zilizobanwa kwa koleo lake, kisha weka adapta. Fundi wa madishi mtaani kwako anazibana vizuri kuliko wewe. Mlipe akubanie mbili. Ukisogeza sumaku na waya wa kati ukavutwa, ni chuma kilichopakwa shaba. Usiogope, kwa 7 MHz mkondo unapita kwenye ngozi ya shaba tu.

Bonde lipo, ila si pale unapolitaka

Hapa sasa ndipo waya unapohusika, na hapa pia uliza kwanza: hali hii imeanza lini?

Kama antena ni mpya, ni suala la urefu. Hesabu ya kuanzia ni 143 gawanya kwa MHz. Kwa 7.1 MHz unapata mita 20.14 jumla, mita 10.07 kila upande. Waya wenye ganda la PVC hutaka kuwa mfupi kidogo kuliko hapo, kwa asilimia mbili tatu hivi au zaidi, kutegemea unene wa ganda, lakini miti na urefu kutoka ardhini vinaivuta hesabu kwa namna isiyotabirika. Kwa hiyo kata mita 10.4 kila upande, uipandishe, upime.

Tuseme jumla ni mita 20.4, nafasi ya kiungo cha katikati ikiwa haimo, kwa kuwa pande zote mbili umezikunja kidogo kwenye vihami. Bonde limekaa 6.85 MHz, wewe unataka 7.1. Zidisha 20.4 kwa 6.85, gawanya kwa 7.1: mita 19.68. Ondoa sentimita 72, yaani 36 kila upande. Na kuondoa si lazima kukata. Ukunje waya urudi juu yake mwenyewe kutoka kwenye kihami, uusokote ukabane. Kwa antena sehemu iliyokunjwa na kusokotwa karibu haipo, na kwako ipo siku utakapohamishia antena uwanja mwingine. Pandisha, pima, kunja tena. Safari ya pili kwa kawaida inatosha.

Kama antena ilikuwa 7.1 na sasa iko 6.95, waya haukurefuka usiku. Kilichobadilika ni mazingira yake. Tawi limekua likagusa ncha. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na msimu wa mvua hutokea ndani ya wiki chache. Kamba imelegea, ncha zikashuka karibu na ardhi au ukuta. Jirani ameezeka kibanda kwa mabati chini yake. Mvua ikilowanisha ganda la waya, bonde hushuka kidogo kisha hurudi likikauka, usilifanyie kazi. Waya wa shaba laini ukivutwa sana na mnazi unaoyumba nao unarefuka kweli, sentimita moja moja, lakini huo ni mchakato wa miezi.

Bonde likipanda juu ghafla, mathalani kutoka 7.1 hadi 7.6, shuku waya uliokatika ndani ya ganda. PVC inaendelea kuushikilia, kwa hiyo kutoka chini antena inaonekana nzima. Ishushe, upitishe vidole mwanzo hadi mwisho ukivuta kidogo. Mahali shaba ilipokatika ganda litanyumbuka kama mpira. Mara nyingi ni pale waya unapopinda kwenye kihami cha ncha, kwa sababu hapo ndipo upepo unapoukunja na kuukunjua.

SWR ni nzuri, hakuna anayekusikia

Hili ndilo tatizo linalowachosha watu, maana mita inasema kila kitu ni salama. Kumbuka mzigo bandia una SWR ya 1 na haurushi kitu. Mita inakwambia kiasi gani cha nguvu hakikurudi. Kimekwenda wapi, haijui.

Chukua kebo ile inayopoteza 3 dB. Weka juu yake antena mbovu yenye SWR ya 3. Kwenye redio utasoma 1.7 hivi, utafurahi, na redio itafurahi nawe. Kadiri kebo inavyozidi kuoza ndivyo mita inavyozidi kupendeza. Kwa hiyo antena ambayo SWR yake imekuwa nzuri zaidi kuliko zamani bila mtu kuigusa, hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Dalili nyingine ni upana wa bonde. Dipoli yenye afya ya mita 40 hukaa chini ya 2 kwa upana wa takriban 200 hadi 300 kHz, kisha kuta zinapanda kwa kasi. Ukikuta yako iko chini ya 2 kuanzia 6.5 hadi 8 MHz, usimwite mtu kuja kuisifia. Kuna kitu kinakula nguvu, na karibu kila mara ni maji.

Maji huingia kwenye kiungo cha katikati. Ukichuna kebo na kuacha wavu wazi, ule wavu hunywa maji kama utambi wa taa unavyonywa mafuta, yakashuka ndani mita nyingi. Pwani maji hayo yana chumvi. Kata sentimita 30 kutoka upande wa antena uchune ganda jeusi: wavu mzima unang'aa rangi ya shaba au bati, uliokunywa maji ni mweusi, au una unga wa kijani unaobaki kidoleni. Endelea kukata hadi ung'ae. Ukikata mita tatu bado ni mweusi, tupa kebo yote, usijaribu kuiokoa kwa kuikausha juani.

Kuziba kuna njia yake. Silikoni inayonuka siki isitumike, ile siki inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Tepu nyeusi peke yake haidumu, jua linaikausha na gundi inateleza. Zungusha tepu kwanza ili baadaye uweze kufungua bila kukwaruza, kisha mpira unaojigandisha wenyewe. Ukikosa, vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu vinafanya kazi ya kuaminika, halafu tepu nyingine juu ya yote kukinga jua. Zungusha kuanzia chini kwenda juu, mapaja yalaliane kama vigae, maji yateremke. Na kebo ishuke kutoka katikati ikiwa na kitanzi, ili maji yadondoke kwenye kitanzi badala ya kufuata kebo hadi dirishani.

Kebo ikishatakasika, angalia urefu kutoka ardhini. Dipoli ya mita 40 iliyofungwa mita 3 juu ya uwanja inapasha udongo. Ikiwa mita 10, ambayo ni robo ya wimbi, inarusha zaidi kwenda juu moja kwa moja na kurudi, yaani utasikika vizuri mkoani kwako na mikoa ya jirani, na vibaya Ulaya. Hiyo si hitilafu. Wala usiwaite Ulaya saa sita mchana kwa 7 MHz. Mchana tabaka la chini la ionosfia (anga ya juu inayorudisha mawimbi ya redio) linameza mawimbi hayo yakienda mbali kwa pembe ya chini. Mchana zungumza na Dodoma au Nairobi, usiku jaribu mbali.

Njia rahisi ya kujua kama unatoka ni kurusha FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali kupitia kompyuta) usiku kwa dakika chache kisha kutazama tovuti ya PSK Reporter, utaona ramani ya waliokusikia. Au fungua mojawapo ya redio za KiwiSDR, vipokezi vya watu wengine vilivyoko intaneti, ujisikilize mwenyewe. Hilo linamaliza ubishi kuliko mita yoyote.

Neno kuhusu tyuna, kifaa cha kuoanisha redio na antena. Tyuna iliyo mezani hairekebishi antena wala kebo. Inaidanganya redio iamini kwamba mambo ni sawa ili itoe nguvu zote. Ikiwa kebo ni nzuri na SWR ni 2.5 ukingoni mwa bendi, itumie bila wasiwasi. Ikiwa kebo imeoza, tyuna inasukuma nguvu zaidi kwenda kupasha kebo.

Maikrofoni inakuuma mdomo, kompyuta inaganda ukirusha

Hapa mawimbi yanarudi nyumbani kupitia upande wa nje wa wavu wa kebo. Dipoli ina pande mbili zilizo sawa, kebo haina, na nje ya wavu panakuwa mkono wa tatu wa antena. Kuthibitisha ni rahisi: shika kebo kwa mkono wakati mwenzako anapima kwa nguvu ndogo, au ongeza kipande cha mita 2 cha kebo. SWR ikibadilika waziwazi, mkono wa tatu upo. Watu wanaosema antena yao inataka kebo ya urefu fulani maalumu ili "ikubali" kwa kawaida wanasumbuliwa na hili.

Dawa ni choki, yaani kizuizi cha mkondo wa nje ya wavu, pale kebo inapoungana na dipoli. Ukipata duara la feraiti (kauri ya sumaku) la FT240-31, pitisha RG-58 mara 12 ndani yake, kazi imekwisha. Usipolipata, zungusha kebo yenyewe juu ya bomba la PVC la inchi 4, mizunguko 15 iliyopangana safu moja, itakula mita tano na nusu hivi. Usiirundike kama kamba ya ng'ombe. Mzunguko wa kwanza ukikaa juu ya wa mwisho, mawimbi yanaruka katikati yao na choki inakuwa pambo. Zile feraiti ndogo za kubana zinazotolewa kwenye nyaya za monita zikipitiwa na kebo mara moja tu hazisaidii kitu cha maana kwa 7 MHz.

Baada ya choki, bonde la SWR linaweza kuhama. Ni sawa, sasa ndiyo unapima antena yenyewe. Sogeza waya upya.

Kelele ya S9 (kali kama kituo chenye nguvu) mchana na usiku

Toa antena. Kelele ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme wa redio au inatoka ndani yake. Ikiondoka, inakuja kwa antena, na hapo chukua betri ya gari, iendeshe redio kwa betri, uzime swichi kuu ya nyumba. Nyumba nzima ikanyamaza na kelele ikashuka, adui anaishi kwako. Washa saketi moja moja hadi arudi.

Washukiwa wa kila siku ni chaja za simu za bei ya chini, taa za LED, ugavi wa umeme wa king'amuzi na, siku hizi zaidi ya vyote, sola. Kontrola ya sola ina saa zake: kelele inaanza jua likipanda, inabadilika wingu likipita, inakufa magharibi. Ukiona ratiba hiyo huna haja ya kutafuta zaidi. Nyaya za kutoka kwenye paneli zisokotwe pamoja mbili mbili badala ya kuachiwa zitanuke juu ya paa, na feraiti ziwekwe karibu na kontrola, waya upitishwe mara nyingi kadiri utakavyoingia. Inveta ya bei rahisi haina dawa hiyo. Zima wakati unasikiliza. Chaja ya simu yenye kelele usiitibu, itupe.

Nyumba ikizimwa na kelele ikabaki, chukua redio ndogo ya betri yenye mawimbi mafupi utembee nayo mtaani. Mkwaruzo unaovuma sawasawa, unaozidi karibu na nguzo moja ya umeme na kupungua mvua ikinyesha, ni cheche kwenye vifungo vilivyolegea vya nguzo hiyo. Andika namba ya nguzo uwape shirika la umeme. Usiipige nguzo, usiitikise.

Mivumo ya kupasuka ya jioni wakati wa masika ni radi, nyingine iko mamia ya kilomita mbali. Sisi tuko karibu na Ikweta na hiyo ndiyo kodi yake. Hamia 14 MHz au ungoje. Radi ikiwa karibu, toa kebo kwenye redio, uiache nje ya dirisha.

Sauti inakatika ukiongea kwa nguvu

Watu hulaumu antena, kumbe ni volti. Redio ya wati 100 inakula ampea 20 hivi ikirusha kwa kilele. Waya wa 2.5 mm² wa mita 3, kwenda na kurudi mita 6, una ohm 0.044, kwa ampea 20 unapoteza karibu volti 0.9. Betri yenyewe imeshuka hadi 12 chini ya mzigo, kwa hiyo redio inapata 11.1. Redio nyingi zimetengenezwa kwa 13.8 na huvumilia hadi 11.7. Chini ya hapo sauti inapasuka au redio inajizima. Pima volti kwenye plagi ya redio huku mwenzako anarusha kwenye mzigo bandia. Kipimo cha betri ikiwa imetulia hakina maana yoyote. Fupisha nyaya, tumia za 6 mm², na ufungue kikasha cha fyuzi: pwani vile vibanio vyake hushika kutu ya kijani na vyenyewe vinaweza kula nusu volti.

SWR inacheza upepo ukivuma

Kusi ikianza ndipo watu wanapogundua viungo walivyosokota tu bila kulehemu. Chumvi inaingia kati ya nyaya, mgusano unakuwa mara upo mara haupo, na mita inacheza kwa mdundo wa upepo. Kwangua kwa msasa, lehemu, ziba. Kama umefunga upande mmoja kwenye mnazi, usikaze kamba: pitisha kwenye kapi, mwisho ufunge chupa ya lita 5 yenye mchanga, mti uyumbe utakavyo na waya ubaki na mvuto uleule. Kamba ya mkonge inalowana na kuoza, na ikigusa ncha ya waya ikiwa na maji ya chumvi inavujisha. Weka kihami cha kweli kati yao, hata kipande cha sentimita 10 cha bomba la umeme la plastiki kinatosha.

Na ukiona bonde la pili karibu na 21.5 MHz au zaidi, hujakosea popote. Dipoli ya mita 40 hufanya kazi pia kwa mita 15, ila bonde lake hukaa juu kidogo ya mara tatu ya 7.1, na bendi yenyewe inaishia 21.450. Hapo tyuna ya mezani inastahili kazi yake, mradi kebo imeshapita kile kipimo cha mwisho wazi.